Kidole Kinachojua Kuachia

Washa Tekken, ile gemu ya mapigano, ingia sehemu ya mazoezi, mweke mhusika wako upande wa kushoto wa skrini, halafu gusa kishale cha nyuma mara mbili haraka. Anachomoka kinyumenyume, hatua moja safi. Sasa rudia hapohapo, mara mbili tena. Safari hii hatoki. Anajivuta kidogo, au anatembea kama mtu asiye na haraka ya kufika, na lau mpinzani angekuwa mtu wa kweli ungekuwa umeshakula ngumi. Gemu inamlazimisha amalize hatua ya kwanza ndipo akubaliwe ya pili. Mbinu nitakayokufundisha hapa ni ya kuikata hatua hiyo katikati na kuanza nyingine, tena na tena, mpaka umbali kati yako na mpinzani uwe mali yako.

Wachezaji wanaiita bekdashi ya Kikorea. Jina limetokana na wachezaji wa Korea Kusini, walioikomaza katika kumbi zao za mashine za gemu hadi ikawa kitambulisho chao. Ukitaka kuiona ikifanywa ipasavyo, tafuta mechi yoyote ya Bae Jae-min, anayejulikana zaidi kwa jina la Knee. Mhusika wake huteleza nyuma kana kwamba sakafu ndiyo inayosogea. Mwaka 2019 Knee alifika fainali ya mashindano ya EVO, Las Vegas, akakutana na Arslan Siddique wa Lahore, Pakistani, ambaye dunia inamfahamu kama Arslan Ash. Arslan alishinda. Fainali ile nimeirudia mara nyingi, na kila nikiirudia macho yangu hayakai kwenye ngumi. Yanakaa kwenye miguu. Muda mwingi wale wawili hawapigani hata kidogo. Wanapimana umbali, mmoja anaingia nusu hatua, mwenzake anatoka nusu hatua, na pigo likija huwa limeshaamuliwa na miguu.

Huku kwetu wengi tulianzia Tekken 3, kwenye vibanda vya gemu, tukilipia mechi na kupokezana pedi zilizochakaa. Mhusika Eddy Gordo alikuwa mfalme wa vibanda hivyo, maana hata aliyeshika pedi siku hiyohiyo aliweza kubonyeza ovyo vitufe vya mateke na akashinda. Na kulikuwa na sheria isiyoandikwa: anayerudi nyuma ni mwoga. Benchi zima litampigia kelele, "Acha kukimbia, pigana!" Nafikiri sheria hiyo imewachelewesha vijana wengi wenye vipaji. Wamekomaa mikono, wamehifadhi mapigo ya wahusika ishirini, lakini miguu yao imegandishwa na aibu. Kama na wewe umekulia hapo, kazi yako ya kwanza ni kukubali kwamba kurudi nyuma ni namna ya kupigana.

Hesabu yake ni hii. Tekken huenda kwa fremu 60 kila sekunde. Ngumi ya haraka ya wahusika wengi hutua baada ya fremu 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Hakuna jicho la binadamu linaloiona ngumi hiyo, likaamua, na kidole kikatii kwa wakati. Kwa hiyo ukisimama karibu unabahatisha tu. Ukiwa umesimama pale ambapo ngumi yake inakosa kwa upana wa kiganja, hali inageuka: yeye ndiye aliyebahatisha, mkono wake umenyooka hewani, hawezi kuurudisha upesi, na wewe una nafasi ya kumwinua kwa pigo zito na kummalizia akiwa angani. Bekdashi ndiyo inayokufikisha pale.

Tuje kwenye kidole.

Mhusika akiwa katikati ya kuchomoka nyuma, gemu inamruhusu achuchumae. Kuchuchumaa kunaikata ile hatua. Akiinuka tena hana deni, anaweza kuchomoka upya. Basi unamchuchumaza kwa muda mfupi kiasi kwamba mtazamaji haoni kama alichuchumaa. Kwa kuwa unataka kubaki unaelekea nyuma, hushuki chini moja kwa moja. Unashukia pembe iliyo kati ya chini na nyuma. Hiyo nitaiita kona. Mfuatano mzima ni huu:

Nyuma, achia, nyuma, kona, nyuma, achia, nyuma, kona, nyuma, achia, na kuendelea.

Usome taratibu, hata kwa sauti. Kuna mambo mawili yamejificha ndani yake, na karibu kila anayeshindwa anashindwa kwa sababu ya moja kati ya hayo.

La kwanza ni ile nyuma inayofuata baada ya kona. Inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inamwinua mhusika kutoka kwenye kuchuchumaa, na wakati huohuo inahesabiwa kuwa mguso wa kwanza wa bekdashi mpya. Ndiyo maana huhitaji kugusa nyuma mara mbili upya baada ya kila kona. Mguso mmoja umeshalipwa.

La pili ni achia. Kidole kinaondoka kabisa kwenye kishale, mhusika hapokei amri yoyote, kisha kidole kinarudi. Watu wakitazama mikono ya bingwa wanaona mibonyezo, kwa hiyo wakienda nyumbani wanafanyia mazoezi mibonyezo. Wanaongeza nguvu, wanaongeza kasi, kidole gumba kinavimba, na mhusika bado anatembea tu. Pasipo achia, gemu haioni miguso miwili. Inaona nyuma moja ndefu, na nyuma ndefu maana yake ni kutembea. Ugumu wote wa mbinu hii umekaa hapo. Vidole vyetu vimefundishwa kushika na kukaza, na hapa vinatakiwa vijifunze kuondoka kwa wakati kama mkono wa mpiga ngoma, ambao usipoinuka haraka kwenye ngozi unaiua sauti uliyotoka kuipiga.

Kwa hiyo usiihifadhi kama orodha ya amri nyingi. Kata vipande kwa namna nyingine. Mguso wa kwanza kabisa ni ufunguo, unautumia mara moja na kuusahau. Baada yake kipande ni kimoja tu kinachojirudia: nyuma-kona-nyuma. Hivyo vitatu ni mtelezo mmoja usiokatika, kidole kinazunguka kutoka nyuma kwenda kwenye kona na kurudi bila kunyanyuka. Kisha achia. Midomo yako inaweza kuutamka mdundo kabla kidole hakijauweza: ti. Ti-chi-ti. Ti-chi-ti. Ti-chi-ti. Vituo vilivyo kati ya makundi ndivyo achia. Mimi niliutamka njiani, nikiwa kwenye daladala, nikigonga paja kwa kidole gumba, na nakushauri ufanye hivyo bila haya yoyote, maana mdundo ukishakaa kichwani mkono unautafuta wenyewe.

Ukirudi kwenye pedi, siku za mwanzo usitafute kasi. Washa kile kipengele cha mazoezi kinachoonyesha pembeni ya skrini vishale vyote ulivyobonyeza, kisha fanya mtelezo mmojammoja, polepole, na usome kilichoandikwa. Mhusika hatachomoka vizuri kwa mwendo huo, na wala hilo lisikusumbue. Unatafuta usafi wa mpangilio. Unataka uone nyuma, kona, nyuma. Ukiona kishale cha chini kimetokea katikati, kidole kimevuka kona na kushuka mno. Ukiona nyuma na nyuma bila kona, kidole kimeruka juu ya kona bila kuigusa. Hiyo orodha ya pembeni haikubembelezi. Rafiki yako atakwambia umefanya vizuri. Orodha itakuonyesha ulichofanya.

Mpangilio ukishakuwa safi, tafuta bekdashi mbili tu. Mbili, kisha simama na ujikinge. Usijaribu kuvuka uwanja mzima. Video za watu wakiteleza kutoka ukuta hadi ukuta zinapendeza, lakini katika mechi ya kweli mara nyingi utahitaji mbili, pengine tatu. Anayetoa mbili safi kila anapozitaka ana silaha. Anayetoa kumi siku akiamka vizuri hana kitu. Kaa kwenye mbili mpaka zitoke mara kumi mfululizo bila kosa, ndipo uongeze ya tatu.

Makosa yana sura zake, na ukizijua utajitibu mwenyewe. Mhusika akibaki amechuchumaa kwa muda unaoonekana, umekaa kwenye kona mno. Kona inaguswa tu na kuachwa. Akitetemeka pale alipo bila kwenda mbali, umeiwahi kona: hatua imekatwa kabla haijazaa umbali, kwa hiyo mpe nafasi ateleze kidogo kwanza. Hatua ya kwanza ikitoka vizuri na ya pili ikawa matembezi, umesahau kuachia. Akiruka juu, kidole kinapanda wakati wa kurudi kutoka kwenye kona. Na hatua ya pili ikikataa kabisa, hata kutembea asitembee, tazama kama uliichelewesha kona hadi hatua ya kwanza ikaisha yenyewe. Hapo ulichofanya ni kuchuchumaa tu, hukukata kitu.

Kuhusu mshiko, kwa pedi ya PlayStation, usigonge vishale kwa ncha ya kidole gumba kama mtu anayebofya simu. Laza tumbo la kidole kati ya kishale cha kushoto na cha chini, kisha kizungushe kwa kiungo chake, mkono wenyewe ukiwa umetulia. Baada ya dakika chache tazama ukucha wako. Ukiwa umekuwa mweupe, unakamua pedi kwa nguvu ambazo gemu haizihitaji wala haizipimi. Kishale kilichoguswa kidogo na kishale kilichopondwa ni amri ileile. Kidole kilichokazwa ndicho kinachochelewa kuachia. Ukisikia maumivu kwenye shina la kidole gumba au kwenye kifundo, acha siku hiyo. Kano za mkono hazipatani na ubishi.

Wanaotumia kibodi au ubao wa vitufe wana njia nyepesi zaidi, kwa kuwa nyuma na chini zina vidole tofauti. Gusa nyuma na uachie. Bonyeza nyuma uishike, donoa chini kwa kidole kingine na kukiondoa papo hapo, kisha achia nyuma. Rudia kuanzia kwenye kubonyeza nyuma. Ile kona imejitengeneza yenyewe pale vidole viwili vilipokutana. Wa joistiki nao wana hadithi yao. Joistiki nyingi za Kikorea hurudishwa katikati na mpira badala ya springi, na mpira huo huirudisha upesi mara tu mkono unapolegea. Yaani hata chombo chao kimetengenezwa kumsaidia mtu kuachia.

Kabla hujajilaumu kwa siku nyingi, kagua vifaa. Pedi iliyopita mikono mingi inaweza kuwa na kishale kilichokufa nusu. Azima pedi nyingine ulinganishe. Runinga nyingi zina hali maalumu ya gemu inayopunguza ucheleweshaji wa picha, iwashe. Na ukicheza kwa intaneti dhaifu, mdundo utakuponyoka hata kama kidole hakina kosa, kwa hiyo usiutumie mtandao kupima maendeleo yako.

Sasa upande. Yote niliyoeleza yanachukulia kwamba umesimama kushoto, ambapo nyuma ni kishale cha kushoto. Ukiwekwa kulia, kila kitu kinageuka: nyuma inakuwa kishale cha kulia, kona inakuwa chini-kulia, na kidole gumba cha mkono wa kushoto kinatakiwa kisukumie nje kile kilichozoea kuvutia ndani. Ni kama kuanza upya. Nilifanya mazoezi miezi mingi nikiwa kushoto tu kwa sababu ndipo gemu iliponiweka, nikajiona nimeiva. Siku ya mashindano ya mtaani nikapangiwa kiti cha kulia. Bekdashi zikapotea zote, mpinzani akalihisi hilo ndani ya raundi moja, akanikaba hadi mwisho. Tangu hapo naanza kila siku na upande ninaouchukia, dakika tano za mwanzo kidole kikiwa bado kibichi, ndipo nahamia upande ninaoupenda. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Saa mbili za Jumapili hazifidii siku sita za kutogusa, kwa kuwa mkono hujifunza ukiwa umelala kati ya zoezi na zoezi.

Wiki ya tatu au ya nne hivi, kila mtu na kasi yake, utajikuta unateleza bila kufikiri. Hapo wengi wanasimama. Wanateleza chumbani peke yao na kufurahi, kisha wakiingia kwenye mechi wanarudi kwenye mtindo wa zamani, kwa sababu hawakuwahi kuiunganisha miguu na macho. Zoezi la kuunganisha ni hili. Sehemu ya mazoezi inakuruhusu kurekodi vitendo vya mpinzani. Mrekodi akikimbilia mbele na kutoa pigo moja zito, halafu anyamaze. Icheze rekodi hiyo ikijirudia. Kazi yako ni kuchomoka anapoingia, uliache pigo lipite mbele ya pua, kisha umrudishie lako kabla hajakusanya mikono. Mwanzoni utachomoka mbali mno na pigo lako halitamfikia. Punguza. Bekdashi moja badala ya mbili. Umbali unaoutafuta ni ule mdogo kabisa unaomkosesha yeye.

Zoezi hilo likishakaa, rekodi kitendo cha pili: anakimbilia mbele vilevile, ila hapigi, anasimama. Iache mashine ichague yenyewe kati ya viwili. Sasa huwezi tena kupiga kwa mazoea, lazima uone mkono wake ukinyooka ndipo umrudishie. Zoezi hili linachosha kuliko yote na mimi naliona ndilo lenye faida kuliko yote. Ongeza na kitendo cha tatu, cha kukaba. Mikono ya kukaba haifiki mbali, na utaona raha ya kumwacha mtu kama King, yule mwanamieleka wa kinyago cha jagwa, akikumbatia hewa.

Kuna hatari zake, na ni bora uzijue kabla hazijakupata. Mwanzoni mwa kuchomoka nyuma huwezi kujikinga. Ukianza kuteleza wakati pigo limeshafika, utalila. Ndani ya kona umechuchumaa kwa kitambo kidogo, na mapigo ya kati humpata aliyechuchumaa. Kwa hiyo usiteleze mfululizo mbele ya mtu aliyekwisha kusogea karibu. Teleza, simama, tazama, teleza. Katika Tekken mhusika aliyesimama bila amri yoyote hujikinga mwenyewe dhidi ya mapigo ya juu na ya kati, hivyo hata hapo kidole kilichoachia kinakulinda kuliko kidole kinachohangaika.

Halafu kuna ukuta. Kila hatua ya nyuma unailipa kwa nafasi, na nafasi ikiisha unabanwa pasipo na pa kwenda. Jizoeze kujua ukuta uko wapi bila kuutazama, na ukiukaribia badilisha: tumia hatua ya pembeni. Bekdashi inakatwa na hatua ya pembeni pia, siyo kwa kona peke yake, na kuchanganya vyote viwili kunampa mpinzani maswali mawili badala ya moja. Wahusika nao hawalingani. Jack ana mwili mkubwa, hukoswa kwa shida. Usimtarajie ateleze kama Kazuya.

Tekken 8, iliyotoka tarehe 26 Januari 2024, imeundwa kumpendelea anayeshambulia. Mpinzani akiiwasha hali ya gemu hiyo iitwayo Joto (Heat), mapigo yake hukumega uhai hata ukijikinga. Nimesikia watu wakisema kwamba kwa hiyo bekdashi imekwisha kazi. Sikubaliani nao. Joto lina muda wake na muda huo ni mfupi. Hapo ndipo bekdashi mbili tatu safi zinapomfanya alikimbize joto lake hadi lipoe bila kukugusa.

Basi ukienda kucheza na watu, usijaribu kuonyesha yote siku ya kwanza. Raundi ikianza, kabla hujatupa ngumi yoyote, chomoka mara mbili, simama, na umtazame. Kama amebaki pale alipo, unajua hana haraka. Kama amekufuata mbio, angalia anafungua kwa pigo gani na linaishia wapi, kwa sababu raundi ya pili atalitoa tena, na wewe utakuwa umesimama upana wa kiganja kutoka linapoishia.